Kumwona daktari kwa video: tujiandae hivi

Wapendwa, habari za jioni. Sisi tunaouguza wazee wenye dimensia (maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu) mbali na hospitali, miadi ya video inatuokoa na safari ndefu inayomchosha na kumvuruga mgonjwa. Mketisheni akielekea dirisha. Akiligeuzia mgongo, daktari ataona kivuli tu. Dawa zote ziwe mezani, hata zile za mafua, kwani baadhi huzidisha usahaulifu. Yanayotokea usiku yarekodini mapema, mkitunza staha yake, maana mbele ya daktari wazee hujikaza ajabu! Mtandao ukigoma, endeleeni kwa simu ya kawaida, ya sauti tu. Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri miadi. Huenda ni maambukizi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.