Risala ya Wanafunzi wa Kemia kwa Mgeni Rasmi: Mkemia Kuingia Utafiti wa Nyenzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Risala hii inamhusu mkemia anayetaka kuingia utafiti wa sayansi ya nyenzo: metali, kauri, polima na jamaa zake. Ngazi za masomo zinajulikana: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, kisha miaka kadhaa chini ya mtafiti mzoefu. Hapo hatukawii. Kinachomkwamisha mkemia ni mazoea ya kudhani kwamba akishaijua fomula, amekijua kitu.

Chukua kauri ya YBa₂Cu₃O₇, iliyogunduliwa mwaka 1987, inayopitisha umeme bila ukinzani chini ya kelvini 92 hivi, yaani karibu nyuzi 181 za Selsiasi chini ya sifuri. Ili kupata gramu 6.66, hupimwa oksidi ya yitriamu gramu 1.129, kaboneti ya bariamu gramu 3.947 (ni sumu, barakoa ivaliwe) na oksidi ya shaba gramu 2.386. Husagwa pamoja, huokwa karibu nyuzi 930 za Selsiasi kwa saa 12 au zaidi, husagwa na kuokwa tena. Kusaga mara ya pili si mbwembwe: ndani ya yabisi ayoni (atomu zenye chaji) hujikokota, na punje zisizogusana haziungani. Unga ukitoka na madoa ya kijani, umezaliwa mchanganyiko mwingine, Y₂BaCuO₅.

Kisha hugandamizwa kuwa kidonge, huokwa, na hupozwa polepole ndani ya oksijeni, hasa kati ya nyuzi 600 na 400. Ukikichomoa haraka, oksijeni katika fomula hubaki karibu na 6 badala ya 7, na ukinzani hauondoki. Metali ni zile zile, kwa uwiano ule ule, lakini kitu si kile kile.

Kwa hiyo kemia ya yabisi, michoro ya awamu (inayoonyesha ni dutu zipi hudumu kwa joto na uwiano upi) na elimu ya fuwele zianze mapema, ikiwezekana mwaka wa pili. Chati ya eksirei nayo, ambayo vilele vyake hutambulisha fuwele zilizomo kwenye unga, isomwe kwa jicho, si kwa kuiamini kompyuta tu. Kwa eksirei zinazotolewa na shaba, kilele kidogo karibu na pembe ya nyuzi 24 mara nyingi ni kaboneti ya bariamu ambayo haijamaliza kuvunjika. Wengi hukipita kama uchafu wa mashine.

Mheshimiwa, tunaomba tanuri lenye kidhibiti cha kasi ya kupoza, mtungi wa oksijeni, na ruhusa ya wanafunzi kuiendesha mashine ya eksirei wenyewe badala ya kuletewa karatasi ya majibu.

Tunaomba kuwasilisha.