Jina la dawa liandikwe kwenye bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wakuu wa afya wa Kaunti ya Kisumu. Hapa Ahero, ukienda duka la dawa na homa, utahesabiwa vidonge, vitiwe kwenye bahasha ndogo nyeupe, kisha juu yake paandikwe 2x2 kwa kalamu. Basi. Jina la dawa halipo.

Shemeji yangu aliuziwa dawa ya kifua namna hiyo. Wiki ya pili akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, midomo ikatoka malengelenge, na ngozi ya mgongoni ikaanza kubanduka. Jirani mmoja alisema ni surua, mwingine akataja mambo ya kurogwa. Hospitalini swali la kwanza lilikuwa, "Mama, ulikunywa dawa gani?" Hakuna aliyejua. Bahasha ilikuwa imeshachomwa na takataka, na hata ingekuwepo, ingetuambia nini? Tulipomrudia muuzaji, alidai siku ile hakuwa zamu. Shemeji amepona, tunamshukuru Mungu, ila mpaka leo hajui ni dawa gani asiiguse tena maishani.

Madaktari huuita ugonjwa huo Stevens-Johnson. Hutokea kwa nadra, lakini unaweza kuua. Miongoni mwa dawa zinazojulikana kuuleta ni za salfa, kama Septrin na Fansidar, na mara nyingi hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya mtu kuanza dawa. Kufikia hapo nani bado ana bahasha?

Na salfa haijatutoka huku kwetu. Fansidar ndiyo iliyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 1998 kama dawa ya kwanza ya malaria nchini. Vimelea vilipoizoea, serikali iliamua mwaka 2004 kuhamia dawa mseto tunazomeza kwa siku tatu. Hata hivyo dawa ya aina ya Fansidar bado hupewa wajawazito wa kanda ya ziwa na pwani ili kuwakinga na malaria, na inawafaa. Mjamzito anayetumia Septrin kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapaswi kuongezewa hiyo, kwani zote mbili ni salfa. Sasa muuguzi wa kliniki atajuaje, ikiwa mama amekuja na vidonge visivyo na jina?

Sisemi watu waogope dawa. Kwinini huvumisha masikio, na dawa ya kichocho wanayopewa watoto shuleni huweza kumsokota mtoto tumbo na kumtapisha, hasa akiwa na minyoo mingi, maana minyoo inakufa ndani yake. Mzazi akielezwa mapema na mtoto akala kabla ya kumeza, uvumi wa kwamba watoto wanalishwa sumu shuleni hautapata pa kushika.

Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti dawa iliyomdhuru mtu, na nyingine ya waridi kwa dawa inayoshukiwa kuwa mbovu. Hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti. Lakini fomu ya manjano inataka jina la dawa! Kuna pia kadi ya tahadhari ambayo mtu hutembea nayo ili kila anayemtibu ajue dawa inayomkataa. Shemeji aandikiwe nini kwenye yake?

Wenye maduka hujitetea kwamba foleni ni ndefu. Mimi nashuku bei: mteja akilijua jina, ataliulizia duka la pili. Wakaguzi wanapokuja kutazama leseni ukutani, wafungue na droo ya bahasha. Waangalie kama pameandikwa jina la dawa, nguvu yake na tarehe, na asiyeandika atozwe faini.

Mkulima wa mpunga,
Ahero, Kisumu