Kwa wanangu mnaojifunza kuendesha mashtaka: kesi hufia kwenye kielelezo

Wanangu,

Nawaona mnahangaika na hotuba za majumuisho, ilhali kutoa kielelezo, yaani kitu au hati inayoletwa mahakamani kama ushahidi, mnakuchukulia kama kazi ya karani. Ninawaomba mbadilike, kwa sababu hapo ndipo Jamhuri inapoponyokwa na kesi ambazo ushahidi wake ulikuwepo.

Kabla ya siku ya kusikilizwa, chora jedwali: nani alimkabidhi nani, lini, wapi, kwa hati gani. Ukikuta bahasha ilitoka kwa mkamataji ikaibukia kwa Mkemia Mkuu bila mtunza vielelezo kutajwa, mtafute huyo mtu sasa.

Kizimbani, shahidi aanze kwa kueleza jinsi kielelezo kilivyofika mkononi mwake. Kisha, kabla hajaonyeshwa, ataje alama: sahihi yake, tarehe, namba ya kesi, lakiri. "Ndiyo yenyewe" haitoshi; bahasha za kaki zote zinafanana. Aonyeshwe, akitambue, aombe kipokelewe. Mshtakiwa akague na kuulizwa kama ana pingamizi, ndipo mahakama iamue na kukipa alama. Na msimlishe maneno. "Ulikuta bangi kwenye begi, sivyo?" ni swali la kuongoza. Uliza: "Ulipofungua begi uliona nini?" Kisha nyamaza.

Nyaraka ina sharti la ziada, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Isisomwe kabla ya kupokelewa. Ikishapokelewa, isomwe kwa sauti. Mahakama ya Rufani ililieleza katika kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, [2003] T.L.R. (ripoti za kesi za Tanzania) 218. Lakini mwendesha mashtaka akisikia "imepokelewa", hurukia swali linalofuata. Mshtakiwa, mara nyingi hana wakili, hajui PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, inasema nini, atadodosa nini? Rufani ikifika, nyaraka inaondolewa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo daktari aeleze pia kwa kinywa chake alichokiona, jeraha kwa jeraha, maana ushahidi huo unaweza kusimama hata karatasi ikiondolewa.

Maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, yakipingwa kwamba yalitolewa kwa mateso, msiendelee mbele. Mahakama ya chini hufanya uchunguzi kwanza, Mahakama Kuu huendesha kesi ndogo ndani ya kesi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari ni wenu. Askari aliyeyaandika awe nje ya mlango siku hiyo hiyo.