Anataka nimsuluhishe na mume aliyemkaba shingo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nina mteja ambaye ombi lake limeninyima usingizi, na wenzangu kazini wanaona nalikuza jambo. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Ni mama wa watoto watatu, anauza dagaa sokoni. Mumewe humpiga, majirani wote wanajua. Safari hii hakumpiga: alimkaba shingo mpaka akazimia. Alipofika ofisini sauti ilikuwa imekauka na alimeza mate kwa shida. Usoni hakuwa na jeraha, ndiyo maana balozi wa nyumba kumi aliyemsindikiza alisema, "Hili dogo, wakikaa chini litaisha."

Mimi hilo la kukabwa ndilo lililonitisha kuliko vipigo vyote vya nyuma. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitunga tangu miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenza wake, na kukabwa kumo pamoja na silaha, vitisho vya kuua, wivu uliopitiliza na kuachana kwa karibuni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenza huyo huongezeka zaidi ya mara saba. Tena koo linaweza kuumia kwa ndani na ngozi isionyeshe kitu. Nilimhimiza aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wakampa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa, lakini maelezo ya kufungua kesi akakataa kuandika.

Anachotaka ni hiki: nimwite mume, niwakalishe pamoja mbele ya meza yangu, nimkanye "kama serikali", kisha mume aandike kwa mkono wake kwamba hatarudia.

Sababu zake sizidharau hata moja. Mume akifungwa, kodi na ada za shule zitatoka wapi? Baba yake alishapokea ng'ombe wa mahari na hana uwezo wa kuwarudisha, kwa hiyo nyumbani kwao ameshaambiwa avumilie. Wakwe nao watasema amemfunga mtoto wao. Halafu askari wa dawati alimweleza wazi kwamba kosa hilo lina dhamana, mume anaweza kukamatwa asubuhi na jioni akawa amerudi mlangoni. Sasa arudi akiwa na hasira ya kushtakiwa? Swali hilo aliniuliza yeye mwenyewe, na sikuwa na la kumjibu.

Wenzangu wanasema suluhu ndiyo kazi yetu. Katika migogoro ya matunzo ya watoto nakubali, nimesuluhisha na watu wakaelewana. Lakini hapa, nikimuuliza mama huyu mbele ya mumewe "tatizo ni nini?", akisema kweli atailipia nyumbani, na akinyamaza mimi nitaandika kwenye faili kwamba wamepatana. Ile karatasi yenye sahihi haitamlinda usiku. Itamsaidia mume kuonyesha kwamba yaliisha.

Wakubwa wa mtaa wananikumbusha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba lazima Baraza la Usuluhishi lipitiwe kwanza. Kifungu cha 101 kinasema hivyo kuhusu anayeomba talaka, tena kinaacha nafasi kwa mazingira ya kipekee. Mama huyu hajaomba talaka. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo hata kama mila inaruhusu, sijamsikia mtu akikitaja kikaoni. Inaniuma sana.

Wenzetu wa Kenya tangu 2015 wana sheria mahususi ya ukatili wa majumbani, na mahakama yao inaweza kutoa amri ya ulinzi. Huku Tanzania Bara mahakama inaweza kumzuia mume asimsumbue mke, lakini hadi shauri la ndoa liwe limeshafunguliwa. Nyumba salama iliyo karibu iko mkoa mwingine. Akienda huko anapoteza meza yake sokoni. Kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ningeipelekea jambo hili, ila mjumbe mmoja ni ndugu wa mume.

Kwa sasa tumepanga naye mpango wa usalama, sisi wawili tu. Vyeti vya watoto, kitambulisho cha NIDA na nauli viko kwa mtu anayemwamini. Mtoto mkubwa anajua nyumba ya kukimbilia. Namba yangu ameiandika kwenye simu kwa jina la mteja wa dagaa, maana mume huikagua. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni kwenye visu.

Maswali yangu, Shangazi, na wasomaji mliofanya kazi hii miaka mingi mnisaidie. Nikikataa kikao, nitamkatalia vipi bila yeye kuona kwamba nami nimemfungia mlango? Je, kuna aliyewahi kuzungumza na mume peke yake, pengine kupitia mzee au mchungaji anayemheshimu, bila mume kugundua kwamba mke alishtaki? Mimi naogopa njia hiyo, lakini kumwacha mwanaume asiulizwe na mtu yeyote nako naona si haki. Na mkuu wangu wa idara, anayehesabu mashauri yaliyosuluhishwa kwenye taarifa ya robo mwaka, nimweleze nini akanielewa?

Mama atarudi siku ya gulio, ndiyo siku anayoweza kutoka bila kuulizwa anakwenda wapi. Naomba majibu mapema.

Afisa Ustawi, Kanda ya Ziwa