Wito wa Harambee: Uhai wa Chuo Baada ya Saa za Masomo

Ndugu wahitimu, wazazi na marafiki wa chuo,

Kamati ya wazazi na wahitimu wanaozungumza Kiswahili inawaomba mchango kwa ajili ya mfuko wa shughuli za wanafunzi katika chuo cha jimbo nchini Marekani ambacho baadhi yetu tulisomea na wengine tumewapeleka watoto wetu. Chuo kimekua mbele ya macho yetu. Majengo yameongezeka, masomo ya shahada yameongezeka, na maegesho ya magari hujaa kabla ya saa tatu asubuhi. Hata hivyo, jioni ikiingia viwanja hubaki vitupu, na mgeni anayepita hapo siku ya Jumamosi anaweza kudhani kwamba chuo kimefungwa.

Hali hii haikuletwa na uvivu wa vijana. Wengi wao ni wanafunzi wa kutwa wanaofanya kazi katika maghala, madukani na katika nyumba za kulelea wazee, na baadhi yao wana watoto. Mwanafunzi anayetoka darasani saa saba mchana na kuingia kazini saa tisa hawezi kuhudhuria mkutano wa klabu ulioitishwa saa mbili usiku, hata kama klabu hiyo ndiyo aliyokuwa akiitamani tangu sekondari. Ratiba za shughuli ziliigwa kutoka vyuo vya bweni, ambako kila mtu hulala hatua chache kutoka ukumbini, na hakuna aliyejali kuzipanga upya kwa kuwatazama wanafunzi tulionao.

Asili ya vyuo vya majimbo nchini Marekani ni ya hali ya chini, wala si jambo la kuonea haya. Vingi vilianza kama vyuo vya ualimu, na cha kwanza cha aina hiyo kuendeshwa na jimbo kilifunguliwa Lexington, Massachusetts, mwaka 1839, kikiwa na wanafunzi watatu siku ya kwanza. Leo chuo hicho kinaitwa Framingham State University. Wanafunzi watatu hawahitaji ofisi ya kuwakutanisha. Watafahamiana wapende wasipende. Chuo kinapofikia maelfu, mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila mwenzake hata mmoja kulijua jina lake, na huyo ndiye tunayeogopa kumpoteza.

Hofu hiyo ina msingi. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani aliyechapisha nadharia yake ya ushiriki wa wanafunzi mwaka 1984, alikuwa amechunguza kabla ya hapo sababu zinazowafanya wanafunzi waache chuo. Aliona kwamba kuishi chuoni, kujiunga na vyama na kushiriki michezo huendana na kubaki hadi kuhitimu. Jambo lililotuvutia zaidi katika matokeo yake ni lile la kazi: kibarua cha saa chache ndani ya chuo humsaidia mwanafunzi kubaki, ilhali kazi ya kutwa nzima nje ya chuo humvuta aondoke. Hatuwezi kuwajengea mabweni wote, lakini kazi za ndani ya chuo tunaweza kuziongeza.

Kwa sababu hiyo, nusu ya kitakachopatikana itatumika kuwalipa wanafunzi wenyewe waandae na kuendesha shughuli: kufungua ukumbi, kusimamia vyombo vya muziki, kuamua mechi za ndani, kupiga picha, kuandika habari za gazeti la wanafunzi. Pale inapowezekana, malipo hayo yataunganishwa na mpango wa serikali ya shirikisho wa kazi kwa wanafunzi wenye uhitaji, ambao ulianzishwa na sheria ya mwaka 1964 na ambao hubeba sehemu kubwa ya ujira. Kwa utaratibu huo fedha zetu zitafika mbali zaidi, na mwanafunzi ambaye angekuwa akipanga maboksi ghalani atalipwa kwa kuwapangia wenzake jioni ya mashairi.

Nusu inayobaki itagharimia usafiri wa kwenda kwenye mechi za ugenini, malezi ya watoto wakati wa shughuli, pamoja na kipindi kimoja cha adhuhuri kila wiki ambapo vyama vyote vitakutana na wanafunzi huku chakula kikitolewa. Bendi ya matarumbeta nayo inahitaji vyombo, maana sasa wapigaji wawili hupokezana tarumbeta moja. Tumeombwa pia tununue vazi jipya la mnyama wa nembo ya chuo, kwa kuwa la sasa limepoteza sikio, na watoto wanaoletwa kwenye mechi humkimbia badala ya kumshangilia. Ombi hilo tumelikubali.

Tulilolikataa ni pendekezo la kuelekeza fedha zote kwenye timu moja ya mpira ili ipate jina. Ushindi huamsha shangwe, hatubishi, lakini kelele za jukwaani huwafikia wale tu waliopata nafasi ya kuja, na wa kwetu walio wengi wakati huo wako kazini. Mapenzi ya chuo hukua pale mtu anapokuwa na kazi ya kufanya ndani yake.

Wengine wameuliza kwa nini jimbo lisilipe. Ruzuku ya jimbo na karo hulenga hasa ufundishaji na uendeshaji, na shughuli za wanafunzi hutegemea zaidi ada maalumu inayogawiwa kupitia serikali ya wanafunzi. Kuipandisha ada hiyo kungewaumiza walewale tunaotaka kuwasaidia. Kwa kuwa chuo ni cha umma, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2000, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwamba fedha za ada kama hiyo zigawiwe vyama bila kupendelea msimamo wowote. Mfuko wetu utafuata kanuni hiyohiyo, ingawa fedha zake ni za hiari: chama cha Waafrika Mashariki kitaomba kwa fomu ileile inayojazwa na chama cha wacheza sataranji.

Michango yote itapokelewa na wakfu wa chuo, wala hakuna mwanakamati atakayeshika fedha mkononi. Wakfu umesajiliwa kama taasisi ya hisani, hivyo wanaoorodhesha makato katika kodi ya mapato, yaani matumizi yanayopunguza kipato kinachotozwa kodi, wanaweza kuujumuisha mchango wao, na anayetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja anapaswa kuhifadhi barua ya uthibitisho. Tafadhali muulize pia mwajiri wako, kwani makampuni mengi huongeza kiasi kilekile alichotoa mfanyakazi, lakini kwa kawaida hungoja mfanyakazi aombe.

Anayependa kutoa ahadi na kuilipa kidogokidogo anakaribishwa sawa na anayetoa papo hapo. Tunaomba ahadi zitufikie kabla ya muhula wa Agosti kuanza, kwa sababu wanafunzi watakaoajiriwa na mfuko huu wanapaswa kujua mapema kama wanaweza kuacha zamu zao za usiku.

Wenu,
Kamati ya Wazazi na Wahitimu