Shukrani kwa Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kwako dada muuguzi, ambaye sikupata kulijua jina lako: ninakushukuru kwa usiku ule nilipomshika mume wangu kifundo cha mkono, nikakosa mapigo, nikapiga kelele nikidhani ameniacha, ilhali yeye alikuwa macho akinitazama kwa mshangao. Hukunicheka. Ulinieleza kwa subira kwamba pampu ya kuusaidia moyo aliyopandikizwa hufyonza damu kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo na kuisukuma katika aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, bila kukoma, kwa gurudumu dogo linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, hivyo damu hutiririka mfululizo badala ya kwenda kwa mikupuo, na mapigo hufifia au hutoweka kabisa. Ndiyo maana mashine ya kawaida ya kupima shinikizo mara nyingi hushindwa, nawe ukatumia kifaa cha mawimbi ya sauti kuusikiliza mkondo wenyewe.

Lililotufaa kuliko yote ni hili: shinikizo la damu likipanda, damu inayosukumwa hupungua ingawa kasi ya pampu haijabadilika, na mgonjwa akipungukiwa maji mwilini, ukuta wa moyo huweza kuvutwa ukaziba mlango wa pampu. Kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda ulisema machache, ila onyo lako juu ya kinyesi cheusi, dalili ya kuvuja damu tumboni, lilituwahisha kwa daktari. Mume wangu angali anaona haya kwa zile kelele. Mimi sioni haya hata kidogo.