Ubingwa wa Sweikert mwaka 1955 haukuwa wa kuokota

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mbio za magari za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Sehemu kubwa niliifurahia, lakini aya ya msimu wa 1955 imeniuma. Mwandishi anadai kwamba dereva Bob Sweikert aliokota tu ubingwa wa taifa kwa kuwa Bill Vukovich alifariki akiongoza mbio za Indianapolis. Kauli hiyo inamwonea Sweikert, na wala haimpi Vukovich heshima yake.

Tuanze na Vukovich mwenyewe. Alishinda maili 500 za Indianapolis mwaka 1953, akarudia 1954. Je, alikuwa bingwa wa taifa? La. Mwaka 1953 taji lilikwenda kwa Sam Hanks, na 1954 kwa Jimmy Bryan. AAA, chama cha wenye magari kilichosimamia mbio hizo, kiligawa pointi kwa urefu wa mbio: mshindi wa maili 500 alipata 1000, mshindi wa maili 100 akapata 200. Sehemu kubwa ya msimu ilikuwa ya mbio za maili 100 kwenye viwanja vya udongo kama Springfield, DuQuoin, Syracuse na Sacramento. Kufikia wakati huo Vukovich alikuwa ameelekeza nguvu zake Indianapolis. Hata kama angeshinda huko mara ya tatu mfululizo, taji la taifa bado lingegombewa na waliokuwa tayari kula vumbi kiangazi kizima.

Na vumbi lile halikuwa la mchezo. Langhorne, kule Pennsylvania, kilikuwa kiwanja cha mviringo cha maili moja kisicho na sehemu iliyonyooka. Dereva alikata kushoto tangu bendera ya kuanza hadi ya kumaliza, gari likiteleza ubavu na usukani mzito ukimvunja mikono, na udongo ukichimbika mashimo kadiri mbio zilivyoendelea. Masika ya 1955 peke yake, Larry Crockett na Mike Nazaruk walipoteza maisha hapohapo. Anayeshindana katika viwanja vya namna hiyo miezi mitatu minne, kisha akakusanya pointi nyingi kuliko wote, hajaokota kitu.

Sasa Mei 30, Indianapolis. Vukovich na Jack McGrath walifukuzana tangu mwanzo kwa kasi ambayo wengine hawakuiweza, hadi gari la McGrath likaharibika. Katika mzunguko wa 57 ekseli ya gari la Rodger Ward ilivunjika, gari likapinduka, magari ya Al Keller na Johnny Boyd yakanaswa katika vurugu hiyo, na Vukovich akafika pasipo na njia ya kupita. Gari lake liliruka ukuta. Hakuwa na kosa lolote, na ninaona uchungu kila ninaposoma habari ile.

Lakini mbio hizo za mizunguko 200 zilikuwa bado hazijafika hata theluthi moja. Bryan alitolewa na pampu ya mafuta. Art Cross aliongoza, injini ikamfia. Don Freeland naye akaongoza, gari likamkatalia katika mzunguko wa 178. Sweikert alikuwa karibu nao muda wote, akilitunza gari lile la waridi la mmiliki wake, John Zink, na akafika mwisho akiwa ametangulia mbele ya gari la Tony Bettenhausen kwa zaidi ya dakika 2. Huko ndiko kushinda maili 500.

Fanyeni hesabu. Mwisho wa msimu Sweikert alikuwa na pointi zaidi ya 2000. Bryan, aliyekuwa wa pili, hakufika 1500. Tuseme Vukovich angeendelea kuishi na kushinda: Sweikert katika nafasi ya pili angepata 800 badala ya 1000, na bado angekuwa bingwa bila wasiwasi. Mwenye haki ya kulalamika ni Bryan, aliyeshinda mbio nyingi kuliko Sweikert mwaka ule, na lawama yake ingekuwa juu ya mfumo wa pointi. Hoja hiyo ningeipokea kwa mikono miwili. Mwandishi wenu hakuigusa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzito mno. Manny Ayulo alifariki mazoezini Indianapolis, wiki mbili kabla ya Vukovich. Jerry Hoyt, aliyeanza wa kwanza Mei 30, alikufa Julai huko Oklahoma City. McGrath naye alikufa Novemba, katika mbio za mwisho za msimu, Phoenix. Katikati kulikuwa na maafa ya mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, yaliyoua zaidi ya watu 80, na Agosti AAA ikatangaza kwamba inajitoa katika mbio za magari. Sweikert ndiye aliyekuwa bingwa wa mwisho chini yake. Kuanzia 1956 kazi ilishikwa na USAC, chama kipya cha kusimamia mbio za magari.

Sweikert mwenyewe aliuawa Juni 1956 huko Salem, Indiana, akiwa na miaka 30, kwa hiyo hakupata muda wa kujitetea. Naomba toleo lijalo liwe na sahihisho, na ndani yake muwataje Ayulo, Hoyt na McGrath, ambao makala yenu iliwaruka.

Msomaji wenu,
Arusha